Uzima wa Kifua Kilichofunguliwa

Mtu wa Lubumbashi moyo ukimsumbua, mara nyingi hatasema moyo. Atasema roho. Ataweka kiganja kifuani, upande wa kushoto, na kumweleza munganga, yaani daktari, kwamba roho inapiga mbio, roho inauma, usiku roho haimpi usingizi. Msikilizaji wa Unguja au Dar es Salaam angeweza kudhani mgonjwa huyu amemkosa padri au shehe wake. Munganga wa Lubumbashi anachukua kipimo chake na kusikiliza kifua, maana ameelewa barabara alichoambiwa.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu habari ya imani na kupona kwa waliopasuliwa moyo huwa inaanzishwa hospitalini, siku ya upasuaji. Kwa Katanga, eneo la mji huu, siku hiyo inakuja baadaye sana. Habari inaanza kabla ya daktari yeyote duniani kuufungua moyo kwa msaada wa mashine, na inaanzia gerezani.

Tarehe 6 Aprili 1921, katika kijiji cha Nkamba, Kongo ya Chini, Simon Kimbangu alimwekea mikono mwanamke mgonjwa na kumwombea, na habari zikaenea kwamba mwanamke yule amepona. Wiki chache baadaye njia za kwenda Nkamba zilijaa. Wengine walibebwa, wengine waliacha kazi za reli na mashamba ya wazungu, na wagonjwa wa hospitali za misheni walitoka vitandani kwenda kwa nabii. Serikali ya Wabelgiji iliingiwa na hofu. Mwezi wa Septemba Kimbangu alijitoa mwenyewe mikononi mwao. Tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi mjini Thysville ilimhukumu kifo. Mfalme Albert akaibadili adhabu kuwa kifungo cha maisha. Wakampeleka zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwao, katika gereza la Élisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Alibaki humo hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951, miaka 30 na siku tisa baada ya hukumu. Mwaka 1960 mwili wake ulirudishwa Nkamba.

Kila ninapolifikiria, jambo hili linanisimamisha. Mtu aliyejulikana Kongo nzima kwa kuponya wagonjwa kwa sala aliugua na kufa nyuma ya kuta, katika mji uliokuwa na madaktari wengi kuliko sehemu kubwa ya koloni.

Élisabethville ilianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika, na mwaka uleule Wabenediktini wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne walipoingia Katanga. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mikono ya kuchimba shaba. Vijana walitolewa mbali, wakalazwa katika kambi zenye baridi ya miezi ya kiangazi, na homa ya mapafu ikawamaliza wengi. Vifo vilipogeuka hasara, kampuni ilibadili njia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 mfanyakazi aliruhusiwa kuja na mke. Kambi zikapata zahanati, vituo vya kupima watoto uzito, posho ya unga iliyopimwa. Mwili wa mchimbaji ukawa shauri la daktari wa kampuni. Roho yake, kwa ile maana ya katekisimu, ikawa shauri la misheni. Kazi zilikuwa zimegawanywa, na yule aliyeziunganisha kwa mkono mmoja alikuwa gerezani.

Lakini watu hawakugawanyika. Hilo aliliona padri mmoja Mfransisko, Placide Tempels, aliyefika Kongo mwaka 1933 na kuishi miaka mingi kati ya Waluba. Mwaka 1945 kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu kilichapishwa Élisabethville. Aliandika kwamba kwa watu aliowafahamu, kuwa hai ni kuwa na nguvu, na nguvu hiyo huongezeka au kupungua kwa jinsi mtu anavyohusiana na wenzake, wahenga wake na Mungu. Ugonjwa ni kupungua, na mgonjwa hapungui peke yake. Wanafalsafa wa Kiafrika, akiwemo Mudimbe, mzaliwa wa Jadotville ambayo sasa ni Likasi, wamekikosoa kitabu hicho kwa haki: mzungu mmoja aliwafanya mamilioni ya watu wawe na wazo moja. Wakati ule lakini pingamizi lilitoka upande mwingine. Askofu de Hemptinne hakupendezwa hata kidogo, na Tempels alikaa Ubelgiji miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kurudi.

Baadaye alipangiwa Kolwezi, kati ya familia za wafanyakazi wa Union Minière. Hapo, kuanzia mwaka 1953, likazaliwa kundi lililoitwa Jamaa. Mume na mke waliingia pamoja, wakaitwa Baba na Mama, wakafundishwa kwa Kiswahili, Kiswahili kilekile cha kambi na soko. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyewachunguza katika miaka ya 1960, aliandika kwamba mafundisho yao yote yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Na tendo lao kubwa lilikuwa kukutana. Kukutana kwao kulikuwa zaidi ya kusalimiana mlangoni: ni kukaa na mwenzako hadi mawazo yake yawe mawazo yako. Kanisa baadaye liliwatilia shaka, likawabana, na wengi wakalazimika kuchagua. Lakini maneno yale yalikwisha kuenea, na uzima ndilo ninaloomba msomaji alishike. Kwa Kiswahili, uzima ni uhai, ni afya, na ni hali ya kitu ambacho hakijavunjika.

Mwaka huohuo wa 1953, bila Kolwezi kujua lolote, mlango mwingine ulifunguliwa Philadelphia. Daktari John Gibbon alikuwa amefanya kazi zaidi ya miaka 20 juu ya wazo moja. Lilimjia Boston, mwanzoni mwa miaka ya 1930, alipokesha usiku kucha kando ya kitanda cha mwanamke ambaye damu iliyoganda ilikuwa imeziba mshipa wa mapafu yake. Gibbon hakuwa na la kufanya ila kuhesabu mapigo. Akawaza: kama damu ingeweza kupitishwa nje ya mwili, ikapewa hewa, ikarudishwa, mwanamke huyu angepona. Tarehe 6 Mei 1953 mashine yake ilifanya kazi ya moyo na mapafu ya binti wa miaka 18, Cecelia Bavolek, kwa dakika 26, huku Gibbon akiziba tundu lililokuwa kati ya vyumba vya moyo. Binti alipona.

Miaka 14 baadaye, tarehe 3 Desemba 1967, Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa mtu mmoja katika kifua cha mwingine kwenye hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Barnard alikuwa mwana wa mchungaji wa Beaufort West. Reli iliyoijenga Élisabethville ilitokea Cape Town, na kwa miongo mingi mashine na bidhaa zilipanda njia hiyo hadi Katanga. Upasuaji wa moyo haukupanda reli hiyo. Kwa miaka mingi sana mgonjwa wa Lubumbashi aliyehitaji kufunguliwa kifua alilazimika kusafiri nje ya nchi au kungoja kifo nyumbani, na wengi walingoja.

Ugonjwa wenyewe unastahili kuelezwa, kwa sababu Kongo si Ulaya. Wengi wanaopasuliwa moyo Ulaya na Marekani ni watu wazima ambao mishipa yao imezibwa na mafuta. Kwetu mgonjwa mara nyingi ni kijana, mara nyingi msichana. Alipokuwa mtoto aliumwa koo, koo la siku chache tu, kutokana na bakteria aina ya streptokokasi. Halikutibiwa kwa penisilini. Mwili wake ulipopigana na bakteria ukaanza kujipiga wenyewe: viungo vikavimba, na milango ya moyo, ile ambayo madaktari huiita valvu, ikapata makovu. Miaka inapita. Msichana anaanza kuhema akipanda kilima kidogo. Anashindwa kubeba bidoni la maji kutoka bombani. Miguu inavimba, tumbo linajaa, analala akiwa ameketi. Penisilini ya bei ndogo ingeuzuia ugonjwa huu utotoni. Mwezi Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kupambana nao, na inasikitisha kwamba ugonjwa kama huu ulihitaji azimio.

Miaka hiyo ya kuhema ndiyo miaka ambayo imani inaingia kwanza, na haiingii vizuri kila mara. Familia inauliza nani amefanya hivi. Wengine wanakwenda kwa mufumu, mganga wa jadi, wengine wanampeleka mtoto kwenye chumba cha maombi kufunga siku tatu bila kula, mtoto ambaye moyo wake hauna akiba hata ya siku moja. Wakati unapotea. Nalisema bila kuwadharau, kwa sababu mzazi anayezunguka hivyo anamtafuta mtu atakayemtazama mtoto wake mzima mzima, si kifua peke yake, na mara nyingi zahanati ilimpa dakika mbili na karatasi ya dawa.

Ila imani hiyohiyo ndiyo inayolipa nauli. Hospitali ya kigeni inapokubali kumpokea mgonjwa, bahasha huzungushwa parokiani, kwaya huchanga, kikundi cha maombi huandika majina na kiasi. Safari inaanza kwa barabara ya Kasumbalesa kuelekea Zambia, au kwa ndege, hadi India, Afrika Kusini, na tangu Muhimbili ilipoanza kufungua mioyo mwaka 2008, hata Dar es Salaam, ambako mwaka 2015 ilianzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Katika Tenwek, hospitali ya misheni huko Bomet, Kenya, upasuaji wa moyo ulianza karibu wakati huohuo. Kauli ya hospitali hiyo inasema kwamba wao wanatibu na Yesu anaponya.

Mahali panapogusa zaidi hoja yangu ni Khartoum. Mwezi Aprili 2007, huko Soba, kando ya Nile ya Buluu, shirika la Kiitaliano la Emergency lilifungua kituo cha upasuaji wa moyo kiitwacho Salam. Huduma ni bure, na wagonjwa walipokewa kutoka Sudan na nchi nyingine nyingi za Afrika. Wasanifu wake, Studio Tamassociati, walijenga pia banda la sala na kutafakari. Ni vyumba viwili vyeupe vya mraba ambavyo havikupangwa kwa mstari mmoja, vimeunganishwa kwa paa la makuti linalopitisha mwanga, na ndani kuna miti miwili hai. Dimbwi pana la maji limelizunguka na kulitenga na wodi. Mwislamu anatawadha, Mkristo anakaa kimya, na asiye na dini anapata kivuli. Nchi ilikuwa imetoka katika vita virefu vya kaskazini na kusini miaka miwili tu kabla, na dini ilikuwa mojawapo ya kuni za moto ule. Mwaka 2013 kituo kilipewa Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan. Vita vipya vilivyoanza Aprili 2023 vilikikuta mjini humo.

Kwa nini hospitali yenye uhaba wa kila kitu itumie matofali kwa ajili ya sala? Watafiti wa Marekani walikuwa wamejaribu kulijibu swali hilo kwa hesabu. Mwaka 1995 Thomas Oxman na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 232 wenye umri wa miaka 55 na zaidi waliofunguliwa moyo. Ndani ya miezi sita wagonjwa 21 walikuwa wamefariki. Vifo vilikuwa vingi zaidi kati ya wale waliosema hawapati nguvu wala faraja yoyote katika dini, na kati ya wale wasioshiriki kundi lolote, liwe la kanisa au la mtaa. Aliyekosa vyote viwili ndiye aliyekuwa hatarini kuliko wote. Mwaka 2004 Richard Contrada na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 142: wenye imani thabiti zaidi walipata matatizo machache na kutoka hospitalini mapema. Lakini kuhudhuria ibada mara nyingi hakukupunguza matatizo. Wahudhuriaji hata walilala hospitalini muda mrefu zaidi. Mambo hayakunyooka kama wahubiri wangependa.

Kisha ukaja uchunguzi mkubwa wa Herbert Benson, uliochapishwa mwaka 2006. Wagonjwa 1,802 wa hospitali sita, wote wakipandikizwa mishipa ya moyo, waligawanywa makundi matatu. Waombaji wa Kikristo waliokuwa mbali walipewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya ukoo, wakamwombea siku 14. Kundi la kwanza liliombewa bila kuwa na hakika kama linaombewa: asilimia 52 walipata matatizo baada ya upasuaji. Kundi la pili halikuombewa: asilimia 51. Kundi la tatu liliombewa na kuambiwa wazi kwamba linaombewa: asilimia 59.

Wengi walisoma tarakimu hizo kama hukumu dhidi ya sala. Mimi nazisoma nikiwa na Jamaa wa Kolwezi akilini. Mtu asiyekujua, aliye mji mwingine, ameshika herufi moja ya ukoo wako: Mama wa Jamaa angeuliza, mmekutana wapi? Na mgonjwa anayeambiwa usiku wa kabla ya kisu kwamba kikosi cha wageni kimeitwa kumwombea anaweza kujiuliza kama hali yake ni mbaya kiasi hicho. Wagonjwa wa Oxman walikuwa na kitu kingine, imani yao wenyewe na watu wanaowajua kwa majina kamili. Ni kweli kwamba uchunguzi wa namna ile hauthibitishi kipi kimezaa kipi. Mwenye nguvu za kwenda kwenye kundi pengine alikuwa na afya bora tangu mwanzo. Ninachokiamini, baada ya kuusoma, ni kwamba kupona ni kazi ndefu, na mtu huhitaji sababu ya kuifanya na watu wa kuifanya nao.

Maana kazi yenyewe ni ngumu. Mfupa wa kidari, uliokatwa kwa msumeno na kufungwa kwa nyaya, unahitaji wiki sita hadi kumi na mbili kuungana. Mgonjwa anarudi Katuba au Ruashi, mitaa ya Lubumbashi, akiwa amekatazwa kubeba maji, kumwinua mtoto, kutwanga sombe, yaani kisamvu. Usiku wa kwanza nyumbani anaweza kulia bila kujua sababu. Huzuni baada ya upasuaji wa moyo ni jambo ambalo madaktari wanalijua vizuri, na wasioonywa hudhani ni ukosefu wa shukrani kwa Mungu. Hapo wale waliochanga bahasha wanakuja tena. Mmoja anateka maji, mmoja anasonga bukari, ugali wa huku, mmoja anakaa tu. Kukaa huko ni tiba. Hospitalini Wakongomani humwita ndugu anayelala na mgonjwa garde-malade, na sijui kazi nyingine isiyolipwa ambayo imeokoa watu wengi kiasi hicho.

Halafu kuna vidonge. Aliyewekewa valvu ya chuma lazima anywe dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote. Ile ya kawaida, warfarini, ilianza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948 na kukubaliwa kwa binadamu mwaka 1954. Ikipungua, damu inaganda kwenye valvu. Ikizidi, mtu anavuja damu. Vitamini K iliyo katika majani ya kijani huipunguza nguvu, na meza ya Lubumbashi ni ya majani: sombe, matembele, lengalenga. Mgonjwa hakatazwi kula, anaambiwa ale kwa kiasi kilekile kila wiki na apime damu kila anapoitwa.

Na hapa ndipo ushuhuda unapoweza kuua. Jumapili mwanamke anasimama mbele ya kusanyiko, anasema Mungu amemponya, watu wanapiga vigelegele. Ana haki ya kusema hivyo. Lakini akitokea mhubiri wa kumwambia kwamba aliyeponywa hanywi dawa, naye akatupa vidonge ili asimwaibishe Mungu, valvu inaweza kuziba ghafla. Nawaomba wachungaji na mapadri wa mji huu wamwulize kila mshuhudiaji wa namna hiyo, mbele ya watu wote, kama amekunywa dawa yake.

Na kuna jambo zito zaidi kwa wasichana. Dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na mimba yenyewe inamweka mama mwenye valvu ya chuma katika hatari ya damu kuganda au kuvuja. Katika mji ambako uzima na uzazi vilifundishwa kwa pumzi moja, binti wa miaka 20 anarudi nyumbani akiwa na kimoja na akiwa na mashaka juu ya kingine. Daktari anaweza kumweleza njia zilizopo, na lazima aelezwe kabla ya kisu, si baada. Lakini nani atakaa naye mama mkwe anapoanza kuuliza? Jamaa walikuwa na jibu lao: walifundisha kwamba mtu huzaa pia kwa kumwingiza mwenzake katika uzima, na waliozaliwa hivyo waliwaita waliowazaa Baba na Mama kwa dhati. Sijapata kuona mafundisho yanayomfaa binti huyu zaidi ya hayo.

Katika siku za mwanzo baada ya upasuaji, wauguzi humpa mgonjwa mto au blanketi lililokunjwa alikumbatie kifuani, kisha humtaka avute pumzi ndefu, aishike, aitoe polepole, akohoe. Inauma. Asipofanya hivyo mapafu yanasinyaa na homa ya mapafu inaingia, ileile iliyowaua vijana wa kambi za shaba. Lubumbashi ni mji wa kwaya, na mwimbaji wa kwaya akipewa zoezi hili hulitambua, kwani amelifanya tangu utoto kila kabla ya ubeti. Akirudi parokiani wanamtolea kiti, maana hawezi bado kusimama ibada nzima. Anashika mto wake. Anaimba sauti ya chini, mstari mmoja na kupumzika mmoja, na mwenzake wa kushoto anamshikia kitabu kwa sababu mikono yake imekumbatia mto.